Moyo Unapokwenda Mbio: Jinsi ya Kuchagua Dawa Bila Kumwangusha Mgonjwa

Kosa ni lile lile, na linaua. Mgonjwa anafika kituoni, anasema "Docta, roho inanipiga mbio." Muuguzi anashika mkono, anahesabu 160, kisha anafungua kabati na kuchoma dawa yoyote ya kupunguza mapigo anayoikuta humo. Leo propranololi, kesho digoksini, keshokutwa verapamili iliyoletwa na ndugu aliyevuka mto Ruzizi. Wengine wanapona. Wengine presha inaanguka mbele ya familia yao, na baada ya hapo hakuna dawa ya kuirudisha ile iliyokwisha kuingia mshipani.

Dawa zote hizo ni nzuri. Lakini kila moja ina aina yake ya mbio, na ile inayomwokoa huyu ndiyo inayomuua yule. Kwa hiyo usianze na kupunguza namba. Anza na kujua mbio hizi zinatoka wapi.

Mwongozo huu ni kwa wauguzi na madaktari vijana wa Bukavu na pembezoni mwake: Kadutu, Bagira, Kavumu, Walungu, Idjwi. Dozi ni za mtu mzima, isipokuwa pale nilipomtaja mtoto. Protokali ya hospitali yako na daktari wako wa zamu ndio wenye neno la mwisho.

## Andaa hivi kwanza

- Saa yenye mshale wa sekunde, au simu.
- Mashine ya presha na kipimo cha oksijeni cha kidoleni.
- Mashine ya ECG, inayochora umeme wa moyo, yenye karatasi na betri iliyochajiwa.
- Kanula nene, bomba la ml 10 na la ml 20, maji ya chumvi, serumu ya glukosi 5%.
- Oksijeni na mfuko wa kupumulishia.
- Vipimo vya haraka: malaria, sukari, hemoglobini.
- Defibrileta, yaani mashine ya kushtua moyo kwa umeme, ikiwa ipo. Ikae kwenye chaja kila umeme unapokuwepo, maana haujulikani utakatika saa ngapi.
- Orodha ya dawa za moyo zilizomo kabatini, na tarehe zake za kuisha, imebandikwa ukutani.
- Namba ya simu ya daktari wa zamu wa hospitali ya rufaa. Uwe umeshamuuliza mapema: defibrileta yenu inafanya kazi usiku?

Huenda huna nusu ya vitu hivi. Endelea kusoma hata hivyo, kwa sababu wagonjwa wengi wataokolewa na dawa ambayo hukuwachoma.

## Hatua ya 1: Tafuta kinachoukimbiza moyo

Hesabu mwenyewe kwa dakika nzima, ukisikiliza kifuani. Mbio zikiwa kali, mapigo mengine hayafiki mkononi, na kipimo cha kidoleni nacho hudanganyika.

Kisha jiulize: ni moyo wenyewe unaougua, au unaitikia shida iliyo kwingine mwilini? Homa, malaria, kutokwa damu, kuhara, maambukizi yaliyoingia kwenye damu, maumivu, upungufu wa damu, tezi ya shingo, damu iliyoganda na kuziba mapafu: vyote hivi huupandisha mpigo kwa njia yake ya kawaida. Hiyo ndiyo takikadia ya sinasi, na ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kuliko nyingine zote.

Chukua mama aliyejifungua usiku. Asubuhi mapigo ni 138, presha 95/60, mikono imepoa, anaomba maji ya kunywa. Muuguzi wa zamu anaona 138 na kufikiria propranololi. Lakini mama huyu anavuja damu, na moyo wake unakimbia ili kile kidogo kilichobaki kifike kwenye ubongo. Ukiupunguza mwendo, umemnyang'anya kinga ya mwisho. Funua shuka, angalia damu, papasa tumbo, kanda mfuko wa uzazi, weka kanula mbili, anza serumu, ita watu, tafuta damu. Damu ikisimama na mwili ukijaa, mapigo yatashuka yenyewe bila dawa ya moyo.

Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa malaria mwenye hemoglobini ya 4. Huyo anahitaji damu na artesunate. Na mgonjwa wa kipindupindu anahitaji maji, mengi na haraka.

Utaitambuaje sinasi? Ilianza taratibu, mgonjwa hawezi kukutajia dakika. Namba inayumba: 140, akipata maji 128, akilia 145. Kwenye ECG kuna wimbi P (kilima kidogo cha chemba za juu za moyo) mbele ya kila QRS (kilele kikubwa cha chemba za chini). Na kwa mtu mzima ni nadra kupita 220 ukitoa umri wake, kwa hiyo mzee wa miaka 70 mwenye 180 isiyoyumba hata kidogo, usiseme ni homa tu. Kwa mtoto mchanga shuku moyo wenyewe ikifika 220 na zaidi, kwa mtoto mkubwa 180 na zaidi.

Umefaulu ikiwa unaweza kuandika kwenye fishi sababu moja ya mbio hizi, au ukaandika kwa uhakika kwamba umezitafuta zote na hukuziona. Kama ni sinasi, ishia hapa. Tibu sababu.

## Hatua ya 2: Je, anaweza kusubiri?

Angalia ishara nne:

1. Presha ya juu iko chini ya 90, ngozi imepoa na ina jasho.
2. Amezimia, au anachanganyikiwa.
3. Kifua kinambana.
4. Anahema kwa shida na mapafu yana maji.

Ikiwapo hata moja, mapigo yamepita 150 na umeshaondoa sinasi, tiba yake ni mshtuko wa umeme unaofuata mpigo. Sababu ni rahisi: karibu kila dawa ya kupunguza mbio hushusha presha au huudhoofisha msuli wa moyo, na huyu hana akiba ya kuipoteza. Umeme hufanya kazi mara moja na haubaki mwilini.

Mwenye fahamu apewe kwanza dawa ya usingizi kidogo kidogo. Bonyeza kitufe cha SYNC na uhakikishe alama imekaa juu ya kila QRS. Kwa mashine za kisasa, mpigo mwembamba wenye mpangilio (utajifunza kuupima kwenye hatua ya 3) huanza na joule 50 hadi 100, mpana wenye mpangilio 100, mwembamba usio na mpangilio 120 hadi 200. Mtoto: joule 0.5 hadi 1 kwa kilo, kisha 2. Ukirudia, bonyeza SYNC tena, kwa kuwa mashine nyingi hujitoa zenyewe baada ya kila mshtuko, na mshtuko ukiangukia pabaya ndani ya mpigo unaweza kuusimamisha moyo.

Ikiwa mshipa wa shingo haupigi kabisa, acha mwongozo huu. Kandamiza kifua.

Na kama defibrileta hakuna? Oksijeni, kanula, ECG, simu, gari. Usijaribu bahati na verapamili "ili afike hospitali akiwa na nafuu." Hiyo ndiyo sindano inayomfikisha akiwa maiti.

## Hatua ya 3: Karatasi ya ECG, maswali mawili tu

Huhitaji kuwa mtaalamu wa moyo. Unahitaji majibu mawili: QRS ni nyembamba au pana? Mapigo yana mpangilio au hayana?

Karatasi ikienda kwa 25 mm kwa sekunde, kisanduku kidogo ni sekunde 0.04 na kikubwa ni 0.20. QRS iliyo chini ya visanduku vidogo vitatu ni nyembamba. Ikifika vitatu na kuendelea ni pana. Pima kwenye mstari ambao inaonekana pana zaidi, usichague ile inayokupendeza.

Kwa mpangilio, chukua ukingo wa karatasi nyeupe, uweke juu ya mstari, tia alama za kalamu kwenye vilele viwili vinavyofuatana, kisha sogeza karatasi mbele. Alama zikiendelea kuangukia kwenye vilele, kuna mpangilio. Zikikosa huku na huku, hakuna. Jicho peke yake halitoshi, kwa sababu mbio zikipita 180 kila kitu kinaonekana kimenyooka.

Kasi: gawa 300 kwa idadi ya visanduku vikubwa kati ya QRS mbili. Mapigo yasiyo na mpangilio, hesabu QRS zilizomo ndani ya visanduku vikubwa 30, zidisha kwa 10.

Maneno yaliyochapwa na mashine juu ya karatasi usiyafuate. Piga picha karatasi kwa simu papo hapo, maana wino wa aina hii hufifia kwa joto na jua. Tena muulize mgonjwa kama ana ECG ya zamani nyumbani. Ile ya siku aliyokuwa mzima mara nyingi ndiyo yenye jibu.

## Hatua ya 4: Nyembamba na yenye mpangilio

Hii kwa kawaida ni SVT, mbio zinazoanzia juu ya chemba za chini za moyo. Ilianza ghafla, mgonjwa anaikumbuka dakika yenyewe, na namba haibanduki: 188, 188, 187. Ikiwa ni karibu 150 kamili, shuku flata ya atiria, yaani chemba za juu zinazokimbia mno kwa mpangilio.

Anza bila dawa. Mlaze nusu ameketi, mpe bomba jipya la ml 10, apulize kwenye ncha yake mpaka mpira wa ndani usogee kidogo, kwa sekunde 15. Akimaliza tu, mlaze chali papo hapo na mwenzako ainue miguu yake kwa sekunde 15. Kwenye utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2015, njia hii ilirudisha mpigo wa kawaida kwa asilimia 43 ya wagonjwa, wakati kupuliza tu bila kulazwa na kuinuliwa miguu kulirudisha asilimia 17. Haina gharama, inafanyika hata Idjwi usiku wa manane, na bado vituo vingi vinairuka. Ijaribu zaidi ya mara moja.

Mtoto mchanga hapulizi. Mwekee usoni mfuko wa barafu na maji kwa sekunde chache, pua na mdomo vikiwa wazi. Macho usiyabonyeze kamwe. Kukanda shingo usimfanyie mzee wala aliyewahi kupooza, na usikande pande mbili kwa pamoja.

Ikishindikana, adenosini. Miligramu 6 kwenye mshipa mnene wa kiwiko, kwa msukumo mmoja, na ml 20 za maji ya chumvi zifuate bila pengo, mkono umeinuliwa. Dawa hii nusu yake huisha kwenye damu kwa muda usiofika sekunde 10. Ukiisukuma polepole au kwenye mshipa mdogo wa kiganja, imekwisha kabla ya kufika moyoni, halafu utasema dawa ni mbovu. Isipofaulu, baada ya dakika 1 hadi 2 toa 12. Mtoto: 0.1 mg kwa kilo, kisha 0.2.

Mwambie mgonjwa mapema: "Mama, kifua kitabana na utaona kama unakufa, lakini itapita upesi." ECG iwe inaendelea kuchapa. Mwenye pumu usimpe.

Verapamili ni ya mwisho hapa: 2.5 hadi 5 mg kwa dakika 2 nzima, kwa mzee dakika 3. Ipe tu ikiwa umeipima QRS na ni nyembamba kweli, presha ni nzuri, moyo haujashindwa, na hajachomwa dawa yoyote ya familia ya propranololi. Hizi mbili zikikutana mshipani zinaweza kuusimamisha moyo. Mtoto chini ya mwaka mmoja, hapana.

Umefaulu ikiwa mbio zimekatika ghafla na ECG mpya inaonyesha P mbele ya kila QRS. Itazame vizuri ECG hiyo: QRS inayoanza na mwinuko wa taratibu, na P iliyo karibu nayo mno, ni dalili ya njia ya ziada ya umeme moyoni, yaani WPW. Iandike kwa herufi kubwa kwenye fishi. Utaona sababu kwenye hatua ya 6.

## Hatua ya 5: Nyembamba isiyo na mpangilio

Mara nyingi ni fibrilesheni ya atiria, AF: chemba za juu zinatetemeka bila mpangilio. Waliosoma kwa Kifaransa huiandika FA. Kwetu usidhani ni ugonjwa wa wazee peke yao. Kijana wa miaka 25 mwenye vali iliyoharibiwa na homa ya baridi yabisi anaweza kuwa nayo, na mama ambaye moyo wake ulidhoofika baada ya uzazi vilevile.

Kabla ya dawa uliza jambo moja: pampu, yaani msuli wa moyo, ina nguvu? Miguu imevimba, mapafu yana maji, halali chali? Basi pampu ni dhaifu, na verapamili itaizamisha. Propranololi au metoprololi ya ghafla nayo itaizamisha. Hapo digoksini ndiyo mahali pake, pamoja na dawa ya kukojoa maji. Kama pampu ni nzima, metoprololi au verapamili inafaa, moja kati ya hizo, si zote mbili. Lengo ni kushuka chini ya 110 akiwa amepumzika. Huhitaji 70, na kuifukuza 70 ndiko kunakozidisha dozi.

Digoksini haina haraka, inachukua saa nyingi, kwa hiyo usiongeze dozi kwa sababu baada ya nusu saa bado ni 140. Sumu yake iko karibu na tiba yake, hasa kwa mwenye figo mbovu au aliyepungukiwa potasiamu kwa furosemide. Mgonjwa wa digoksini anayetapika, hana hamu ya chakula, anaona rangi ya njano, halafu moyo unaenda mbio: huenda digoksini yenyewe ndiyo inayozileta. Isimamishe na upige simu.

Ikiwa AF ina zaidi ya saa 48, au hujui ilianza lini, na mgonjwa yuko imara, usijaribu kuurudisha mpigo wa kawaida kwa umeme wala kwa amiodaroni. Damu iliyoganda ndani ya atiria inaweza kung'oka na kwenda kwenye ubongo. Anahitaji dawa ya kuzuia damu kuganda kwa wiki 3 kwanza. Na kwa mwenye vali iliyobanwa na homa ya baridi yabisi, dawa hiyo ni warfarini yenye kipimo cha INR, kinachoonyesha kasi ya damu kuganda. Utafiti mkubwa wa mwaka 2022 uliilinganisha familia ya warfarini na rivaroksabani, dawa mpya zaidi ya kuzuia damu kuganda, kwa wagonjwa kama hawa, na rivaroksabani ilishindwa. Ni ghali zaidi, lakini ughali wake haumsaidii mgonjwa huyu.

## Hatua ya 6: Pana

Hapa nenda polepole kuliko mahali pengine popote.

Pana na yenye mpangilio ni VT mpaka ithibitishwe vinginevyo. Mbio zinatoka chemba za chini za moyo. Watu hujidanganya kwa sababu mgonjwa anaongea na presha ni 110: "Angekuwa na VT angekuwa ameanguka." Si kweli. VT inaweza kukaa saa kadhaa kwa mtu anayeongea na wewe. Halafu anachomwa verapamili, mishipa inalegea, msuli unadhoofika, VT yenyewe haisimami, na ndani ya dakika chache presha haipimiki.

Ukiwa na shaka kati ya VT na SVT iliyopanuka, ishughulikie kama VT. Ukikosea kwa upande huo, mgonjwa atavumilia. Ukikosea kwa upande wa pili, hutapata nafasi ya kurekebisha. Ipo aina moja adimu ya VT inayotulia kwa verapamili, lakini kuitambua ni kazi ya daktari wa moyo mwenye defibrileta pembeni yake.

Akiwa imara: amiodaroni 150 mg ndani ya ml 100 za glukosi 5%, kwa dakika 10, kwenye mshipa mnene. Usiichanganye na maji ya chumvi, na usiisukume kwa bomba, presha itaanguka. Papasa shingo kabla hujaianza. Amiodaroni imejaa iodini, na Kivu ni nchi ya rovu. Miaka ya 1990 iliripotiwa hapa kwetu kwamba watu waliokaa na upungufu wa iodini kwa muda mrefu, walipoipata, baadhi tezi zao ziliamka na mioyo ikaanza mbio. Kwa VT ya dharura toa hata hivyo, lakini usimwandikie vidonge vya miezi bila kumpima tezi.

Amiodaroni ikikosekana, lidokaini 1 hadi 1.5 mg kwa kilo, kwa dakika 2 hadi 3. Lidokaini ya 2% ina 20 mg katika kila ml, kwa hiyo mtu wa kilo 60 huanza na ml 3. Sasa geuza ampulu usome lebo yote, mpaka mstari wa chini. Zile za kung'olea meno na za kushonea vidonda mara nyingi zimechanganywa na adrenalini, na adrenalini mshipani kwa mtu mwenye VT ni kummalizia.

Mgonjwa wa figo mwenye QRS pana kupita kiasi, fikiria potasiamu iliyopanda. Huyo hapewi amiodaroni wala lidokaini. Anaanza na kalsiamu, na daktari awe kwenye simu.

Pana, isiyo na mpangilio, kasi sana (200 na zaidi), upana unabadilika pigo kwa pigo: hii yaweza kuwa AF inayopita kwenye ile njia ya ziada ya WPW. Moyo una mlango wa katikati unaochuja mapigo, na adenosini, verapamili, digoksini, propranololi, hata amiodaroni ya mshipani, huubana mlango huo. Ukiubana, mapigo yote yanamiminika kupitia njia ya ziada isiyo na mchujo, na chemba za chini zinaishia kutetemeka tu bila kusukuma damu. Dawa zote ulizozizoea ni haramu hapa. Tiba ni umeme, au prokainamidi ukiwa nayo. Huna vyote? Hamisha sasa hivi.

Pana, vilele vinapanda na kushuka, vinajizungusha kwenye mstari: ni torsadi. Hapa amiodaroni huongeza ubaya, kwa sababu hurefusha kipindi cha QT (muda toka QRS ianze mpaka chemba za chini zimalize kujirudisha), ambacho tayari kimekuwa kirefu mno. Dawa ni magnesiamu salfeti, 2 g kwa dakika 10. Kituo kinachodai hakina dawa ya torsadi mara nyingi kinayo, kwenye chumba cha wazazi, kwa ajili ya kifafa cha mimba. Ikiwa ni ya 50%, 2 g ni ml 4, zichanganye na serumu. Mkunga wako anajua namna ya kuiangalia: pumzi, na goti linavyoruka likigongwa. Mwite akae nawe. Mgonjwa akipoteza mapigo, kandamiza kifua na umpe mshtuko usio na SYNC.

## Hatua ya 7: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Kabla ya ampulu ya kwanza, mwambie ndugu wa mgonjwa alete kila kidonge kilichomezwa wiki hii, pamoja na dawa ya kienyeji. Wakiogopa kusema, waambie hutamgombeza mtu.

Unatafuta vitu viwili. Cha kwanza ni dawa za moyo alizokwisha kumeza: propranololi asubuhi na verapamili ya mshipani jioni ni hatari, amiodaroni juu ya digoksini huipandisha digoksini kwenye damu. Cha pili ni dawa zinazorefusha QT: kwinini, halofantrini, klorokwini, erithromaisini, moksifloksasini, haloperidoli, domperidoni, na bedakwilini kwa wenye kifua kikuu sugu. Moja peke yake mara nyingi haina neno. Mbili au tatu kwa mtu anayehara na kutapika, potasiamu imeshuka, ndipo torsadi inapozaliwa. Na kwinini ikilazimika itiwe kwenye serumu kwa saa kadhaa, kamwe isisukumwe na bomba.

## Hatua ya 8: Choma, kaa, andika

Dawa moja. Subiri matokeo yake. Isipofaulu, usirukie ya familia nyingine. Rudi hatua ya 3 na usome karatasi upya, kwa kuwa pengine jina la mbio ndilo lililokosewa. Ukifika dawa ya pili bila mafanikio, piga simu kabla ya ya tatu.

Kaa kando ya kitanda. Presha kila dakika 5 kwa nusu saa ya kwanza. Simama ikiwa presha ya juu inashuka chini ya 90, mapigo yanashuka chini ya 50, au QRS inaanza kupanuka.

## Kwa wenye duka la dawa, na kwa mgonjwa mwenyewe

Ndugu mfamasia, anayekuja kuomba "kidonge cha roho kupiga" mpeleke apimwe. Propranololi kwa mwenye pumu inaweza kumfunga pumzi usiku huo huo. Na wewe mama au baba unayeitumia kwa maagizo ya daktari, usiikate siku moja kwa sababu umeishiwa pesa au umejisikia vizuri. Ikikatwa ghafla mapigo hurudi kwa nguvu. Njoo mapema, tutapunguza taratibu.

## Ukimhamisha

Mgonjwa huyu hapandi mlima kwa miguu. Kama anatoka kwenye vilima vya Kadutu ambako gari halifiki, abebwe mpaka barabarani, na asipakizwe kwenye pikipiki akiwa na kizunguzungu. Aende na mhudumu anayejua kukandamiza kifua, kanula ikiwa mkononi na oksijeni ikiwa wazi.

Kwenye barua andika: saa mbio zilipoanza, presha na mapigo ya kwanza, nyembamba au pana, mpangilio upo au haupo, dawa aliyopewa, dozi, saa kamili, na kilichotokea baada yake hata kama ni kibaya. Daktari anayempokea akijua verapamili iliingia saa 9:40, atajua pia asichome metoprololi saa 10:15. Ambatanisha ECG zote mbili, ya wakati wa mbio na ya baadaye, tuma na picha zake kwa simu kabla gari halijaondoka, na ampulu tupu zifungwe pamoja na barua hiyo.